NGUZO NDANI YA BOMBA LA MAWIMBI
Kwa sababu gani kitu kinachoshika diodi nacho kinahesabiwa



Katika somo la umeme tunachora mizunguko: pila, taa, rezistansi na waya kati yao. Waya tunazichora kwa mstari tu, hatuzihesabu. Visi inayokaza taa, ao kipande cha shaba kinachoshika pila, vile hatuvichori hata kidogo. Na jibu linatoka sawasawa, sababu katika mizunguko ya shule vitu hivi havibadilishi kitu.

Lakini kuna kazi moja ya umeme ambamo desturi hii inakufa kabisa. Njo kazi ya mawimbi mafupi sana, yale ya radari, na yale yanayorushwa na zile ngoma za mviringo zinazofungwa juu ya minara ya telefone. Huko, kipande cha chuma kinachoshika diodi kinaweza kuwa na neno kubwa kupita diodi yenyewe. Ukibadili unene wake kwa milimetri moja, chombo kinaweza kutoa mawimbi mengine ao kunyamaza. Njo maana mainjenieri wanahesabu kwanza kile kishikio, mbele ya kukata shaba. Tuone namna wanavyofanya.

1. Urefu wa wimbi njo chanzo

Mawimbi ya radio yanakimbia kilometri 300 000 kwa sekunde. Frekansi maana yake ni hesabu ya mitikisiko kwa sekunde moja. Kupata urefu wa wimbi kwa metri, unagawanya 300 kwa frekansi iliyoandikwa kwa megaherzi. Ni hesabu ya watoto wadogo, lakini inaeleza mambo mengi.

Tukamate foni, ile radio ya misioni yenye waya mrefu kati ya miti miwili. Tuseme inasema kwa megaherzi 7. Wimbi lake lina metri 43 hivi. Kipande cha waya cha milimetri 10 mbele ya wimbi kama lile ni kama punje ya mchele mbele ya nyumba.

Sasa tukamate radari ya gigaherzi 10, maana yake mitikisiko miliardi 10 kwa sekunde. Wimbi lake lina sentimetri 3 tu. Kile kipande cha milimetri 10 kimekuwa theluthi ya wimbi! Hapana kusema tena kwamba ni mstari tu. Umeme ulio mwanzo wa waya na umeme ulio mwisho wake havifanyi kitu kimoja kwa saa ileile.

Kuna njia nyingine ya kuona jambo hili. Kila waya, hata ulionyooka, una tabia ya bobini: unapinga mabadiliko ya umeme. Waya wa milimetri 10 wenye unene wa milimetri 1, ukikaa katika hewa, una nanohenri 5 hivi. Kwa umeme wa nyumba, wa mitikisiko 50 kwa sekunde, upinzani huo ni om 0,0000016. Ni bure. Kwa gigaherzi 10 ni om 314. Waya uleule, shaba ileile! Kilichobadilika ni frekansi tu.

2. Bomba lisilo na waya

Kwa frekansi kubwa namna hii, waya za kawaida zinapoteza nguvu nyingi njiani. Kwa hiyo watu wanatumia bomba la mawimbi. Ni tiyo ya chuma ya pembe nne, tupu ndani kabisa. Wimbi linatembea ndani ya utupu ule na kuta zinalizuia kutoka.

Mwaka 1897 mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu kwamba jambo hili linawezekana. Halafu miaka ikapita, watu wakaisahau. Ni mwaka 1936 tu katika Marekani George Southworth wa maabara ya Bell, na W. L. Barrow wa chuo cha MIT, walionyesha kila mtu kwa upande wake kwamba bomba linapitisha mawimbi kwa kweli.

Bomba moja linalojulikana sana linaitwa WR-90. Ndani lina upana wa mm 22,86 na kimo cha mm 10,16. Sheria yake ya kwanza ni hii: wimbi ambalo nusu ya urefu wake inapita upana wa bomba halipiti. Mara mbili ya 22,86 ni mm 45,72. Wimbi la urefu ule ni la gigaherzi 6,56. Chini ya pale mlango umefungwa. Watu wanalitumia kati ya gigaherzi 8,2 na 12,4.

Kati ya mipaka ile, wimbi linatembea kwa sura moja tu. Nguvu yake ya umeme inasimama wima, toka sakafu ya bomba mpaka dari. Katikati ya upana nguvu ni kubwa sana. Kwenye kuta mbili za kando ni sifuri. Mushike vizuri picha hii, tutaihitaji.

3. Diodi inahitaji kikalio

Mwaka 1963 J. B. Gunn, aliyekuwa anafanya kazi IBM, alitangaza jambo la ajabu. Kipande kidogo cha galiumu na arseniki, kikipewa volti za kutosha, kinaanza chenyewe kutikisa umeme mara miliardi nyingi kwa sekunde. Toka pale ikazaliwa diodi ya Gunn. Imetumika katika radari ndogo za polisi za kupima mwendo wa magari, na katika vyombo vinavyofungua milango yenyewe mtu akikaribia.

Lakini diodi ile iko ndogo kama mbegu. Itakaa wapi ndani ya bomba? Inahitaji vitu vitatu pamoja. Inahitaji umeme wa pila wa kuilisha. Inahitaji njia ya kutoa joto, sababu inapata moto sana. Tena inahitaji kushikana na wimbi, la sivyo nguvu yake haitoki.

Jibu ambalo limetumika sana ni nguzo. Wanasimamisha nguzo ya chuma toka dari kushuka sakafuni, kama nguzo ya katikati ya nyumba. Chini ya nguzo wanaacha pengo dogo, na diodi inakaa ndani ya pengo, ikikanyaga sakafu ili joto lishuke. Umeme wa pila unapita ndani ya nguzo. Na kwa sababu nguvu ya wimbi nayo inasimama wima, wimbi na nguzo vinashikana vizuri.

Mambo yamekwisha? Hapana, njo yanaanza.

4. Kumbe nguzo ni bobini na pengo ni kondansateri

Umeme ukipanda na kushuka ndani ya nguzo, nguzo inatoa mawimbi pande zote mbili za bomba. Lakini nguzo ni nyembamba, na ile sura ya kwanza ya wimbi imeenea upana wote. Sura moja haiwezi kufuata umbo la nguzo. Kwa hiyo, karibu na nguzo, sura nyingine nyingi zinazaliwa, zenye vilima viwili, vitatu, vitano, na kadhalika. Zote ziko chini ya mlango wao, kwa hiyo hazisafiri. Zinazimika karibu na pale zilipozaliwa.

Kwa mfano, nguzo iko katikati ya WR-90 na frekansi ni gigaherzi 10. Sura ya vilima vitatu inapungua mpaka theluthi moja hivi kila milimetri 2,8. Ukienda milimetri 10, imebaki chini ya sehemu 3 kwa mia. Mtu anayepima mbali hawezi kuiona.

Lakini diodi haiko mbali. Iko palepale. Sura zile zisizosafiri zinabeba nguvu, zinaiweka na kuirudisha, kuiweka na kuirudisha. Na kitu kinachoweka nguvu na kuirudisha tunakijua: ni bobini ao kondansateri. Umeme unaopita ndani ya nguzo yote kwa usawa unafanya tabia ya bobini. Nguvu inayokusanyika katika pengo inafanya tabia ya kondansateri. Hakuna mtu aliyeweka bobini wala kondansateri ndani ya bomba. Umbo la chuma njo limevizaa.

5. Wazo lililotoka katika vita

Mwaka 1940, kule Birmingham, Randall na Boot walifanya magnetroni iliyotoa mawimbi ya sentimetri 10 hivi kwa nguvu kubwa. Radari ikawa kazi ya haraka. Huko MIT waliweka maabara kubwa iliyoitwa Radiation Laboratory. Ndani ya mabomba ya radari kulikuwa nguzo, visi, vipande vya bati na kona. Kila kimoja kilirudisha sehemu ya wimbi, na kila mara watu walipaswa kukata, kujaribu, kutupa, kukata tena.

Julian Schwinger, aliyepata Nobel ya fizika mwaka 1965, alifanya kazi kule toka 1943. Yeye na wenzake walishika njia hii: mambo yote magumu yanayotokea karibu na kile kipande tuyahesabu mara moja, halafu tuyafunge ndani ya namba chache, bobini fulani na kondansateri fulani. Nyuma ya pale injenieri hana haja ya kurudi kwenye hesabu kubwa. Anachora mzunguko mdogo wa kawaida, kama wa shule, na anapata jibu. Mwaka 1951 Nathan Marcuvitz alitoa kitabu kikubwa cha michoro na namba hizo, Waveguide Handbook.

Hii njo maana ya neno modeli katika kazi hii. Modeli siyo picha ya kitu. Ni mzunguko mwepesi unaojibu sawasawa na kile kitu kigumu, kama ukiuliza pale unapohitaji.

6. Ulizo la Eisenhart na Khan

Lakini kulibaki shimo. Hesabu nyingi za zamani ziliuliza hivi: wimbi likija toka mbali na kugonga nguzo, linaona nini? Ulizo hili ni zuri kwa mtu anayesimama mwisho wa bomba. Mwenye diodi ana ulizo lingine: diodi, pale inapokaa katika pengo, inaona nini mbele yake? Maulizo haya mawili siyo moja. Mtu anayetazama nyumba toka barabarani na mtu anayelala ndani yake hawajui mambo yaleyale.

Mwaka 1971 R. L. Eisenhart na P. J. Khan, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walitoa hesabu kamili ya ulizo la pili. Waliweka vipimo vyote kama herufi: upana na kimo cha bomba, mahali pa nguzo, unene wa nguzo, ukubwa wa pengo na kimo ambapo pengo liko. Nyuma walikusanya sura zote za wimbi, zile zinazosafiri na zile zinazozimika, na kila sura ikapewa impedansi yake, maana yake upinzani wake kwa umeme unaotikisika.

Uzuri wa kazi yao ni mpango wake. Kwa kila sura kuna maulizo mawili. La kwanza: nguzo inaishika sura hii kwa nguvu gani? Hilo linategemea mahali pa nguzo na unene wake. La pili: pengo linaishika kwa nguvu gani? Hilo linategemea kimo cha pengo na ukubwa wake. Sura zinazofanana kwa kimo zinafungwa kwa mfuatano, na mafungu yale yanawekwa sambamba, kama rezistansi zetu za shule. Fungu la kwanza lina lile wimbi linalosafiri, pamoja na bobini ya nguzo. Mafungu mengine yanaleta hasa kondansateri ya pengo.

Nguzo ya mviringo ilileta taabu, sababu hesabu yao ilitaka nguzo bapa kama utepe. Walipata kwamba nguzo ya mviringo inaweza kubadilishwa na utepe wenye upana wa karibu mara 1,8 ya kipenyo chake. Halafu walipima kwa kweli: waliingiza waya mdogo wa koaksiali mpaka kwenye pengo, pale diodi ingekaa, na kupima impedansi. Hesabu na vipimo vilipatana. Ni jambo la kuangalia: hawakuamini karatasi peke yake.

7. Inasaidia nini?

Diodi ya Gunn inatoa nguvu; mzunguko unakula nguvu. Mtikisiko unakaa pale ambapo bobini na kondansateri zote, pamoja na ile ya ndani ya diodi, zinafutana, na pale ambapo diodi inatoa kiasi kile mzunguko unachokula. Kama kikalio kina mahali pawili ambapo mambo yanafutana, diodi inaweza kuchagua mahali ambapo hukupenda. Umeomba gigaherzi 10, inakupa nyingine. Ukiwa hukuhesabu kikalio, utafikiri diodi ni mbovu. Utainunua nyingine, nayo itafanya vilevile.

Ukiwa na modeli, unajua kitu gani kinavuta wapi:

— Nguzo nene ina bobini ndogo. Nguzo nyembamba ina bobini kubwa.

— Pengo pana lina kondansateri ndogo. Pengo jembamba lina kubwa.

— Nguzo ikitoka katikati kwenda kando, inashika wimbi kidogo zaidi. Ikisimama kwenye robo ya upana, impedansi ya lile wimbi linalosafiri inaonekana nusu tu. Lakini pale sura ya vilima viwili, ambayo katikati ilikuwa haiamki, inaamka, nayo inazimika polepole: theluthi moja inabaki nyuma ya milimetri 5,6.

— Upande wa nyuma wanaweka pistoni, ukuta wa chuma unaosukumwa. Ndani ya WR-90, kwa gigaherzi 10, wimbi linanyooka kuwa mm 39,7. Pistoni ikiwa robo ya ule urefu nyuma ya nguzo, karibu mm 9,9, wimbi linaona kana kwamba upande ule haupo. Ikiwa mahali pengine, pistoni inaongeza tabia ya bobini ao ya kondansateri. Njo namna wanavyorekebisha mtikisiko kwa mkono.

8. Kidogo kupimwa kwa kikubwa

Kuna modeli nyingine, ya kushika kwa mikono. Sheria za mawimbi hazijui milimetri. Zinajua tu uwiano kati ya kitu na wimbi. Ukikuza kila kipimo mara 20 na kupunguza frekansi mara 20, impedansi inabaki ileile, kama kuta ni za chuma kizuri.

Hii ina faida kubwa. Mabomba ya gigaherzi 230 yana upana wa mm 1,092 na kimo cha mm 0,546. Nani ataingiza kipimo mle ndani? Basi unatengeneza bomba la mm 21,84 kwa mm 10,92, unaweka kikalio kilichokuzwa vilevile, na unapima kwa gigaherzi 11,5. Fundi yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kulikata.

Kazi hii haikubaki katika radari. Kule Chile, katika jangwa la Atacama, metri 5000 hivi juu ya bahari, kuna anteni 66 za ALMA zinazosikiliza mawimbi ya milimetri toka mbinguni. Ndani ya vyombo vyake vingi, kwa mawimbi ya milimetri moja hivi, kuna kipande kidogo cha niobi kilichopozwa sana na kukalishwa kwenye bomba la mawimbi. Niobi ni metali inayopatikana pia katika koltani, jiwe ambalo watu wa Kivu wanalijua, ingawa sehemu kubwa ya niobi ya dunia inatoka Brazil. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, ile ya M87 iliyotolewa mwaka 2019, ilifanywa kwa mawimbi ya milimetri 1,3, na ALMA ilikuwa kati ya anteni zilizoyakusanya. Na pale vilevile kikalio kilipaswa kuhesabiwa.

9. Mpaka wa modeli

Toka miaka ya 1990 kuna programu za kompyuta zinazokata nafasi ya ndani ya bomba vipande vidogo vingi na kuhesabu umbo lolote. Wengine watauliza: basi kazi ya mwaka 1971 ni bure? Hapana. Kompyuta inakupa namba ya umbo moja. Modeli inakuonyesha kwa nini, na ubadilishe nini. Lakini nayo ina mipaka: inapenda nguzo nyembamba na pengo dogo, na haijui kasha la diodi mpaka uliongeze mwenyewe. Anayesahau masharti ya modeli anapata jibu safi la ulizo lingine.

Jambo la kushika ni hili: kusema kwamba kitu fulani si kitu katika mzunguko, hilo nalo ni jibu la hesabu. Linganisha kwanza kipimo chake na urefu wa wimbi, ndipo uache kukichora.

ZOEZI KWA WANAFUNZI WA SAYANSI

a) Bomba lina upana wa mm 15,8. Chini ya frekansi gani wimbi halipiti?
b) Wimbi la gigaherzi 24 lina urefu gani katika hewa?
c) Kishikio cha mm 2 kinaweza kusahauliwa kwa megaherzi 100? Na kwa gigaherzi 24?

Majibu: a) karibu gigaherzi 9,5, b) mm 12,5, c) kwa megaherzi 100 wimbi lina metri 3, kwa hiyo ndiyo, kwa gigaherzi 24 kishikio ni karibu sehemu moja ya sita ya wimbi, kwa hiyo hapana.